Wimbo wa Kuaga

Kompyuta ilipiga sauti ambayo Mwalimu Gershom hakuiandika. Akaisimamisha, akakagua noti kwenye kioo. Zote zilikuwa zake: mstari wa juu ulikuwa wimbo, wa mkono wa kulia; wa chini ulikuwa mdundo wa ngoma, wa mkono wa kushoto. Akaanzisha tena. Chumba cha muziki kikanuka udi.

Hiyo ilikuwa adhuhuri ya mwaka 1996, katika shule moja ya Kisauni. Wimbo wenyewe ulikuwa wa pepo. Alikuwa ameurekodi Mtongwe kwa Mama Kafedha, fundi wa ngoma za pepo, ili kwaya iende nao mashindanoni. Muda wa mashindano ulikuwa mfupi, kwa hiyo aliandika wimbo wa kumpandisha pepo tu. Ule wa kumuaga aliuacha.

Mkewe, Jumwa, akaingia na chakula chake. Akaiweka sufuria chini polepole, mabega yakaanza kumtikisika.

"Mama Thoya, wacha mzaha. Wanafunzi watakuona."

"Mama Thoya hayuko," ilijibu sauti nzito ya kiume. "Mumeniita, nimekuja. Kiti changu cha kukalia ni huyu mwanamke."

Alasiri Kafedha aliletwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mgeni umemwita mwenyewe, kisha wamwacha ukumbini bila kwaheri? Ndiyo adabu ya kwenu Kaloleni?"

"Muage wewe, mama, nakusihi. Atamuua mke wangu."

"Wallahi siwezi. Aitaye ndiye aagaye, na aliyeita ni hicho kijisanduku chako."

Basi Kafedha akawa anaimba kwa kunong'ona na Gershom anaandika, noti baada ya noti, huku Jumwa amelala sakafuni akipiga saruji kwa viganja viwili, na ule udi umegeuka uvundo wa samaki aliyeoza, na pumzi za mkewe zinakatika, zinarudi, zinakatika tena, hata ziliposita kabisa Gershom hakungoja zaidi, akabonyeza.

Wimbo ukapita. Jumwa akavuta pumzi, akafumbua macho.

"Baba Thoya," akasema kwa sauti yake mwenyewe, "nina kiu."

Gershom akapiga magoti, akalia. Kafedha hakusogea.

"Mwalimu, na ngoma yake uliiandika?"

Akageuka kutazama kioo. Mstari wa chini ulikuwa mtupu.

"Naandika sasa hivi, mama."

"Mgeni haagwi mara mbili."

Mkono wa kulia wa Jumwa ulikuwa umemshika mumewe begani, kwa upole. Wa kushoto ulikuwa ungali sakafuni, unapiga.