Nishikilie Hadi Saa Sita

Siku nchi ile ya ng'ambo ilipotangaza kufunga milango kwa wasio na kibali, ofisi ya tiketi ilijaa mpaka watu wakakalia mabegi yao. Feni ilizunguka bila kumpoza mtu. Dirisha la tatu alikaa binti mwenye blauzi ya samawati na kitambaa cha kichwa cha rangi hiyohiyo, akirudia maneno yaleyale tangu asubuhi: "Bila kibali sikati tiketi."

Aliyefika mbele yake alivaa shati jeupe lililonyooshwa pasi, ila kucha zake zilikuwa na mafuta meusi. Alikuwa fundi saa.

"Dada, mama yangu amelazwa kule. Sina mtu mwingine kule, na yeye hana mwingine duniani."

"Kibali unacho?"

"Nimeomba. Lakini ndege ni moja tu kwa wiki. Nafasi si zitaisha?"

Wengine walikuwa wamempigia kelele. Huyu alisema kwa kunong'ona.

"Naweza kukushikilia nafasi," binti alisema, "ila haikai. Kila siku saa sita mchana inafutika yenyewe nisipoishikilia upya. Unikumbushe."

"Nitakukumbusha mpaka unichoke."

Kesho yake, saa tano na nusu, simu ililia.

"Dirisha la tatu? Ni fundi saa. Nishikilie."

"Nimeshakushikilia."

"Taratibu basi, utanivunja mbavu!"

Mwenzake wa dirisha la pili akamgeukia. "Shoga, huyo ni mteja au mchumba?"

"Mteja."

"Mteja gani anakufanya ucheke na ukuta?"

Kila ndege ilipoondoka, binti alimsogeza kwenye ya wiki iliyofuata. Ikawa hivyo wiki tisa. Wiki ya nne fundi alileta saa ndogo ya mkononi, yenye mkanda wa ngozi, aliyoifufua kwa mikono yake.

"Ili saa sita isikupite, mpenzi."

Mchana walikaa kwenye ngazi za nyuma ya ofisi, wakigawana mkate na chai ya chupa.

"Nimemwambia mama nimempatia mkwe," fundi alisema siku moja.

"Mimi umeshaniuliza?"

"Si unanishikilia kila siku? Nitake jibu gani tena?"

Kibali kilitoka siku ya Alhamisi, ndege ikiwa kesho yake. Fundi aliingia saa nne akikipeperusha, macho yamemlowa. Kilibaki kitu kimoja: muhuri wa afya, ng'ambo ya mji, ndipo tiketi ikatwe.

Binti alikisoma mstari kwa mstari, kama alivyozoea. Aliyemwombea kuingia: jina la mwanamke. Uhusiano: mke.

"Una mke?"

Fundi aligeuka. Nyuma yake foleni, pembeni askari, na masikio kila mahali. "Nitakueleza. Si hapa, mpenzi. Nikagonge muhuri, saa saba nipo. Wewe nishikilie tu, kama kila siku."

Akatoka mbiombio.

Sina mtu mwingine kule. Ndivyo alivyosema siku ya kwanza. Saa sita kasoro dakika tano simu ililia.

"Shoga, yako hiyo," alisema wa dirisha la pili.

"Najua."

Ililia mpaka ikanyamaza. Binti aliitazama saa ya mkononi. Mishale ilikutana juu. Hakubonyeza kitu. Jina la fundi likafutika kwenye kioo cha kompyuta, na haikupita dakika likakaa la mtu mwingine.

Saa saba fundi alirudi na kibali chenye muhuri, shati limemganda mgongoni. "Nikatie."

"Nafasi imekwenda."

"Imekwendaje?"

"Mtambo," binti alisema.

Fundi hakufoka. Alikunja karatasi yake polepole. "Basi wiki ijayo."

Jioni fundi alimpigia. "Yule wa kwenye kibali ni muuguzi wa wodi ya mama. Mwezi huu wanaruhusu waume na wake tu, mtoto wa mgonjwa hahesabiwi. Mama wa watu akajiandika mke wangu. Ana wajukuu sita! Ningeyasema vipi mbele ya askari? Mchana nilitoka kwenye foleni nikakupigia ili nikueleze. Hukupokea."



Jumatatu nchi ile ilifunga kabisa, hata kwa wenye vibali. Siku ya kumi na moja tangu hapo yule muuguzi alimpigia fundi simu. Mama alikuwa amefariki. Mpaka mwisho alikuwa akiuliza mwanawe atafika siku gani.

Wiki ilipopita, binti alikwenda kwenye kibanda cha fundi. Saa za ukutani zilikuwa zikigonga, kila moja na wakati wake.

"Haukuwa mtambo," alisema akiwa bado amesimama. "Ni mimi. Niliitazama saa uliyonipa mpaka ikapita."

Fundi alitoa kioo cha kukuzia jichoni, akakiweka mezani.

"Simu yangu uliisikia?"

"Niliisikia."

Fundi alivuta saa iliyokuwa mezani, akaanza kuifungua kifuniko.

"Utanisamehe?"

"Nimekusamehe hata hujamaliza kusema. Kukutazama ndiko siwezi."

Miezi minane baadaye milango ilifunguliwa. Fundi alikuja dirisha la tatu na shati lake jeupe, sasa linampwaya.

"Nakwenda kuliona kaburi."

"Kwenda na kurudi?"

Fundi aliiangalia saa iliyokuwa bado mkononi mwa binti. "Kwenda. Kurudi sijui. Nitakupigia."

Binti alimkatia. Vidole vyao havikugusana.

Sasa kila siku, saa tano na nusu inapopita, dirisha la pili hakuna anayetania. Simu za pale ofisini hulia sana. Hakuna inayotoka kwa fundi. Saa sita ikikaribia, binti hufungua ndege ya kurudi, huandika jina la fundi, na kuishikilia tena nafasi ambayo hakuna aliyemwomba.