Kibuyu cha Kumi na Tatu

Quincy alikuwa amesimama mbele ya mchoro wa ng'ombe kwa dakika nne.

Njoki alikuwa hatua sita nyuma yake, mbele ya mchoro wa punda, na punda hana mengi ya kutazamwa.

Saa sita mchana, Milimani. Nyumba ya kizungu ya zamani iliyogeuzwa jumba la sanaa, yenye sakafu ya mbao inayolia kila ukikanyaga. Mwenye jumba ndiye huyo huyo Quincy: mrefu, suti ya kitani, pasipoti tatu, na hakuna aliyejua ipi ni ya kweli. Kwa watalii alikuwa muuza sanaa. Katika faili la Njoki alikuwa mtu aliyepitisha bunduki mia nne kwenda kaskazini, zikiwa zimelala ndani ya masanduku ya vinyago.

Miwani ya Ray-Ban ya Njoki ilikuwa na kamera. Chini ya koti la jinzi, Glock 19. Sikioni, kidude kidogo kama punje ya mahindi.

Kidude kikakohoa.

"Kwarara, uko?"

"Niko, mkuu."

Mkuu ni Waithaka. Ndiye aliyempa Njoki hilo jina la siri, la yule ndege anayepiga kelele alfajiri juu ya mabati ya watu, kwa sababu, alisema, idara nzima haina jasusi mwenye mdomo kama wake.

"Anatoka," Njoki akanong'ona. "Anaingia kwa Prado. Nimfuate?"

"Mwache."

"Mkuu, anaondoka!"

"Nimesema mwache. Tafuta masanduku. Kuna stodio tatu zinamuuzia vitu. Tembea kama mnunuzi, angalia, usiguse. Mimi naingia mkutano saa nane na simu zinabaki nje. Baada ya hapo hunipati."

"Sawa."

"Na Kwarara. Ile stodio ya tatu..."

"Najua ni ya nani."

"Usiseme neno."

Akakata.

Stodio ya tatu ilikuwa ya Mama Jepkemei, mtengeneza vibuyu. Mwanawe, Kipkirui, alikuwa dereva wa lori la Quincy. Miezi minane iliyopita kijana huyo alifungua sanduku moja njiani apange mizigo vizuri, akakuta bunduki chini ya vinyago. Hakulala. Alimtafuta Njoki, akamwambia yote, na Njoki akamficha.

Leo saa nane, katika hoteli moja Naivasha, Kipkirui angesimama nyuma ya pazia mbele ya kamati ya siri ya watu kumi na wawili. Angetaja majina. Kisha kamati ingeamua ahamishiwe wapi. Watu wa Quincy wakipajua mahali hapo, Kipkirui hamalizi wiki.

Kwa miezi minane aliomba kitu kimoja tu. "Mwambie mathe niko hai. Hiyo tu."

Njoki alimkatalia. Mara ya kwanza, ya pili, ya tano. Sheria ya kazi ni sheria. Alikataa akiwa na uso mkavu, halafu akienda nyumbani anajichukia.

Stodio ya kwanza ilikuwa Section 58. Mchoraji, bwana mmoja aitwaye Zeddy, alichora heroe tu, wale ndege wa ziwani, ukuta mzima wa waridi. "Wageni hawataki kitu ingine, madam. Nilichora mama yangu, akakaa hapa miaka mbili." Njoki alipiga picha kila kona. Hakuna masanduku.

Ya pili, Industrial Area. Fundi wa kuchomelea alikuwa anatengeneza kifaru kwa mabomba ya eksozi. Njoki akagonga kifaru tumboni. Kilikuwa kitupu.

Ya tatu, mtelemko wa kreta ya Menengai. Saa saba na robo.

Mama Jepkemei alikuwa ameketi kwenye kigoda barazani, akitunga shanga karibu kabisa na pua, maana macho yalikuwa yameanza kumsaliti. Ukutani nyuma yake kulikuwa na picha ya kijana mwenye ovaroli akiegemea lori. Njoki akaiona, akageuza uso haraka.

"Karibu, msichana. Keti kwanza nikuletee chai."

"Asante mathe, nina haraka. Mimi hununulia hoteli vitu. Vibuyu ziko?"

"Ungekuja jana. Kumi na mbili zimeenda asubuhi. Quincy amechukua. Ni zawadi ya wakubwa fulani wako na mkutano Naivasha. Kila mtu na yake kwa meza."

Njoki akahesabu kichwani.

Kumi na mbili. Mezani. Naivasha.

"Na hiyo?" Akaonyesha kibuyu kilichokuwa sakafuni, karibu na jiko.

"Hiyo wachana nayo. Ilipasuka shingo. Haijamalizwa."

"Quincy alizishika? Alikaa nazo?"

"Eeh. Alikuja akachukua zote kumi na tatu, akakaa nazo siku tatu, akarudisha juzi niweke shanga. Akasema nisifungue. Sasa mimi nikamwangalia, nikajiuliza, huyu mzungu anajua nini ya kibuyu? Kibuyu haiwezi..."

"Mathe, ngoja kidogo."

Akapiga magoti, akang'oa kifuniko cha ngozi, akawasha tochi yake ndogo. Ndani, chini kabisa, palikuwa na nta. Ndani ya nta, kidude cheusi kama sarafu, na waya mwembamba kama unywele. Taa ya kijani ilikuwa ikipepesa.

Kinasa sauti.

Kwa hiyo Quincy hakuhitaji kuingia mkutanoni. Alikuwa ameshaweka masikio kumi na mawili mezani. Na walinzi wasingeshtuka, kwa sababu shingo ya kila kibuyu ilikuwa na mnyororo wa shaba. Mashine ya mlangoni ingelia, wangecheka, wangepitisha.

Mama huyu alikuwa amempambia adui yake vyombo vya kumuulia mwanawe.

"Keti nikueleze, msichana. Kibuyu haiwezi toka kwa..."

"Nitarudi, mathe!"

Alikuwa ameshafika kwenye Subaru.

Saa saba na nusu. Simu ya Waithaka: imezimwa. Mkuu ameingia mapema, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe.

Akampigia mlinzi wa geti la hoteli.

"Gedion hapa."

"Gedion, ni mimi. Toa vibuyu mezani. Vyote. Sasa hivi!"

"Vibuyu gani, madam?"

"Vya mkutano!"

"Hakuna mkutano hapa, madam."

"Gedion! Unanijua!"

"Hakuna mkutano hapa. Siku njema."

Akakata. Njoki akapiga usukani kwa ngumi. Amri hiyo aliiandika mwenyewe, kwa kalamu yake: mtu yeyote akipiga simu, hata akijifanya ni mimi, sema hakuna mkutano. Tena alikuwa amempongeza Gedion kwa kuikariri.

Subaru Forester, turbo, kilomita mia moja na arobaini kwa saa. Elementaita ikapita kulia. Mbio za sakafuni huishia ukingoni, na ukingo wa Njoki ulikuwa Gilgil.

Trela lilikuwa limelala ubavu katikati ya lami. Viazi kila mahali. Magari kilomita mbili kila upande, na watu wenye magunia wakiokota viazi kana kwamba vimetoka mbinguni.

Akajaribu kushoto. Mtaro. Akajaribu kulia. Basi lilikuwa limejaribu kabla yake, likakwama.

"Boss, nisaidie nipite," akamwambia polisi.

"Upitie wapi, madam? Uko na mabawa?"

Saa nane kamili.

Alikuwa na bastola, kamera, kidude cha sikioni na gari la kukimbiza majambazi. Hakuna hata kimoja kinachoweza kuinua trela. Alikaa ndani ya Subaru na kutazama dakika zikibadilika kwenye dashibodi. Saa nane na kumi. Sasa anaapishwa. Saa nane na nusu. Sasa anataja majina, kwa ile sauti yake ya upole, na Quincy anamsikia. Saa tisa. Sasa wanajadili wapi pa kumficha.

Akajaribu simu ya Waithaka mara kumi na tisa. Alipoona haijibiwi ya ishirini, akaweka kichwa kwenye usukani na kulia. Jasusi hakufundishwa kulia, lakini hata kuokota viazi hakufundishwa, na hayo mawili tu ndiyo yaliyowezekana Gilgil siku hiyo.

Akafika Naivasha saa kumi na dakika ishirini.

Prado nyeupe ilikuwa imeegeshwa nje ya ua wa hoteli, chini ya migunga. Vioo juu. Ndani, Quincy na vidude vikubwa vya masikioni, jasho likimtiririka.

Njoki akafungua mlango, akaweka mdomo wa Glock nyuma ya sikio lake.

"Mikono juu ya usukani. Polepole."

Quincy akatii. Hakuonekana mwenye hofu. Alionekana kama mtu aliyeibiwa.

"Zimekufa," akasema kwa Kiswahili chake cha kupinda. "Zote. Tangu saa nane nafungua, hakuna sauti. Kumi na mbili! Umefanyaje?"

Njoki hakuwa na habari hata kidogo.

"Siri ya kazi," akasema, akamfunga pingu.

Waithaka akatoka getini akiwa anawasha simu yake. Akaona simu ishirini zilizokosa kujibiwa. Akamwona Njoki. Akamwona Quincy.

"Kipkirui yuko wapi?" Njoki akauliza.

"Ameondoka dakika kumi zilizopita."

"Wapi?"

"Kwarara, pale anaenda hata wewe hutaambiwa. Kesi iko karibu. Kazi yako kwake imeisha, hutamwona tena."

Ndani, mafundi walipasua vibuyu kimoja kimoja juu ya meza ndefu. Chini ya kila kimoja palikuwa na masizi meusi, nta iliyoyeyuka, na plastiki iliyokunjamana.

"Kazi safi," Waithaka akasema. "Ulivichoma lini?"

"Sikuvichoma mimi, mkuu. Sikufanya kitu chochote."

Akadhani ni unyenyekevu. Akampiga begani.

Kesho yake saa tatu asubuhi Njoki alirudi Menengai. Safari hii aliketi. Alipewa chai, akainywa yote, na hakukatiza.

"Jana ulikimbia kabla nikueleze," Mama Jepkemei akasema. "Kibuyu haiwezi toka kwa mwanamke wa Kikalenjin bila moto. Hiyo ni aibu. Mtu ataweka maziwa aje kwa kibuyu haijaingia moshi? Watasema Jepkemei anauza mapambo. Quincy alisema nisifungue. Mimi nilingoja aende, nikafungua zote."

Alichukua kijiti cha senetwet, mti wa kufukizia vibuyu, kilichokuwa jikoni, ncha yake ikiwaka nyekundu, akakiingiza ndani ya kibuyu. Akachukua sosiot, ule ufagio mwembamba wa kusugulia, akaponda kaa lile kwa nguvu mpaka chini, akizungusha. Moshi mchungu na mtamu ukapanda.

"Zile zake zilikuwa zinalia ndani. Pap! Pap! Nikasema labda kuna mbegu imebaki, inapasuka kama bisi. Nikasugua sana. Ile ya kupasuka shingo nikaiacha. Ya nini kupoteza kuni?"

Njoki akacheka. Kisha akaona kibuyu alichokishika mama hakikuwa kipya. Kilikuwa cha zamani, kimekolea weusi wa mikono, na shanga zake zilikuwa zimeshonwa upya mara nyingi.

"Hiki ni cha nani?"

"Ya kijana yangu." Mama hakutazama picha ukutani. "Kwetu kila mtu ako na yake. Quincy aliniambia ameiba gari akatoroka. Wengine wanasema amekufa. Mimi naweka moshi, naweka maziwa, nangoja yagande iwe mursik. Ikikaa sana, namwagia mbwa, naanza tena. Miezi nane."

Njoki akaweka kikombe kitupu chini.

"Wewe si wa hoteli," mama akasema taratibu. "Mtu wa hoteli hawezi piga magoti kwa kibuyu hivyo. Sikuulizi kazi yako. Nauliza kitu moja. Mtu amekufa hawekewi maziwa. Niendelee kuweka, ama niwache?"

Usiseme neno.

Njoki aliyajua yote na hakuweza kutoa hata moja. Alimwokoa nani? Mama alimwokoa mwanawe mwenyewe, bila kujua, kwa kuona aibu ya kibuyu kisicho na moshi. Na yeye, mwenye bastola na miwani ya kamera, hakuweza kumpa mzazi neno moja la shukrani. Alitaka kupiga kelele mpaka juu ya kreta.



Moto wa jikoni ulikuwa unafifia. Njoki akainama, akachukua kijiti kipya cha senetwet kwenye rundo, akakitia motoni, akapuliza. Akapuliza tena mpaka ncha ikawa nyekundu. Akamnyooshea mama kwa mikono miwili.

Mama Jepkemei akamtazama, kisha akakitazama kijiti.

Akakipokea. Akakiingiza ndani ya kibuyu cha Kipkirui, akashika sosiot, akaanza kusugua.

Njoki akainuka, akavaa Ray-Ban, akateremka ngazi za baraza. Kidude sikioni kikakohoa.

"Kwarara. Uko wapi?"

"Natoka kwa mama, mkuu."

"Ulimwambia nini?"

"Sijasema neno."



"Wewe, na huo mdomo?"

"Mimi."

Akang'oa kidude, akakitia mfukoni. Jioni maziwa yangemiminwa, na baada ya siku kadhaa yangemwagiwa mbwa, kisha mengine yangemiminwa, na hakuna mtu duniani aliyeweza kusema lini yangepata mnywaji. Nyuma yake sosiot ilikuwa bado inasugua. Njoki akawasha Subaru, akashuka mlima kwa gia ya pili, polepole.