Lori Lililorudi Tupu

Mchana huo kwenye yadi ya malori, kati ya makelele ya wapakiaji na honi zisizo na adabu, lori moja kuukuu lilitema moshi mweusi ukatua juu ya blauzi nyeupe ya mpangaji wa safari. Binti wa watu alikuwa ameajiriwa asubuhi hiyohiyo ili apunguze moshi. Moshi ulikuja kujitambulisha.

"Zima injini," alisema, machozi yakimtiririka.

Dereva aliteremka, shati lake la bluu limenyooshwa kwa pasi kama la bwana harusi, akampa leso. "Samahani, dada. Sijawahi kumliza mtu kabla ya kujuana naye."

Akazima, akabaki mpaka yadi ikafungwa.

Basi wakapendana. Madereva wengine walisubiri mzigo wa kurudi nao. Huyu alishusha shehena mji wa mbali, akageuza lori tupu, mbio, ili Jumapili imkute kwa mpenzi wake. Shangazi mtu alitamka kwa uzito wa hakimu kwamba mwanamume anayeunguza dizeli kiasi hicho ana nia.

Kisha bosi akadai mpango wa kupunguza moshi, na dawa ilijulikana: lori lolote lisirudi tupu. Binti aliuandika mwenyewe. Alikusudia kumwambia dereva Jumapili, ana kwa ana. Bosi akautangaza Ijumaa. Dereva akaupata kwa wenzake, pamoja na vicheko vyao.

Alipiga simu. "Ungesema tu umenichoka, mpenzi."

"Sijakuchoka. Mpango ni wa malori yote, siwezi kukutoa wewe."

"Sikuomba unitoe. Nilitaka nisikie kwako."

Akakata.

Malori yakarudi yamejaa, dizeli ikapungua, binti akapandishwa cheo na kupigiwa makofi. Jumapili alikunywa chai na shangazi yake.

Siku moja lile lori likasimama mbele yake yadini, injini ikinguruma. Dereva alichungulia dirishani. Alikuwa ameomba kuhamia tawi la mbali, akakubaliwa.

"Jumapili ile baada ya tangazo nilikuwa nije na mama," alisema, "aongee na shangazi yako."

Binti alishika mlango wa lori. "Zima injini, tuongee."

"Nikiizima nitabaki."

Akaondoka. Kwa amri ya binti huyohuyo, injini zote zilikuwa zimetengenezwa vizuri. Lori lilitoka getini bila kuacha moshi hata wa kusingizia machozi.