Maji ya Moris ya Mzee Muhdhar

“Usiniamini! Nani kakulazimisha? Lakini ukitoka hapa, ingia garini peke yako, kisha geuza shingo utazame siti ya nyuma. Tuone kama utathubutu.”

Hivyo ndivyo Chonga anavyoianza hadithi hii kila anapoisimulia barazani, kifua mbele, kikombe cha kahawa mkononi. Skuli aliiacha mapema. Yeye husema skuli ndiyo iliyoachwa nyuma, ilishindwa mbio. Kwa magari ya kale, mji mzima hakuna wa kumkaribia. Muulize yeye mwenyewe.

Mwaka ule wa tisini na tisa, Bi Mwanakhamis wa Ndia Kuu alimpa ufunguo wa gari, Moris ya marehemu mumewe, Mzee Muhdhar. Ilikuwa imelala uani tangu mzee azikwe.

“Ukiitia uhai, mwanangu, ni yako,” akamwambia. “Fungua utakacho. Ila maji ya rejeta usiyamwage. Yakipungua, niite niyaongeze mimi.”

Chonga akatabasamu. Wajane! Huyu anaweka kanzu ya mumewe, yule anaweka makubadhi, na Bi Mwanakhamis anaweka maji ya kupozea injini.

Akaingia kazini. Kabureta akaisafisha. Plagi akabadili. Betri mpya. Akavuta stati… kimya. Akavuta tena… kimya, kama anayevuta mkia wa ng'ombe aliyekufa.

Rafiki yake Kahindi, fundi wa mashine za boti kule Liwatoni, akapata la kuchekea. “We Chonga, izike kando ya mwenyewe! Ikinguruma hiyo, mie naacha kula samaki.”

Maneno yakamchoma. Ndipo Raihana, mpwa wa Bi Mwanakhamis, aliyekuwa akiangalia duka la intaneti nyuma ya Biashara Street, alipomwonyesha ajabu. Kumbe wako watu Uingereza, Australia na wapi huko, wamefanya chama ndani ya kompyuta, wanaandikiana habari za Moris kuukuu tu: gasketi inakatwaje, waya upi unaoza kwanza. Chonga akawa anasema, Raihana anaandika kwa Kizungu. Majibu yakaja tele. Akayafanya yote. Kimya. Wazungu wenyewe wakanyoosha mikono.

Alasiri moja likaja jibu la Kiswahili.

“Yamwage maji, mwanangu.”

Raihana akajitenga na kompyuta kidogo. “Huyu hana jina,” akanong'ona. “Hana hata anwani.”

“Maji na stati wapi na wapi?” Chonga akacheka. Lakini kicheko cha Kahindi kilikuwa kikubwa zaidi masikioni mwake.

Jua lilikuwa linatua alipolala chini ya Moris, akafungua kizibo cha rejeta. Yakatoka. Hayakuwa maji ya kutu. Yalikuwa ya manjano, mazuri, yananukia marashi na zafarani… yakateremka mferejini taratibu.

Mkono wake ukasita. Mtoto gani wa mji asiyeyajua maji haya? Shehe huandika aya kwa zafarani ndani ya sahani, akaisuuza kwa marashi, mgonjwa akanywa. Kombe.

Lakini nani anayelinywesha gari kombe?

Tone la mwisho likadondoka.

Moris ikanguruma.

Ufunguo ulikuwa mfukoni mwake.

Mwenye akili angekimbia. Chonga alijaza maji ya bomba, akaketi kwenye usukani. Alitaka Kahindi aione na roho imuume. Akatoka Ndia Kuu akipiga honi, watu wanampisha, adhana ya magharibi inaanza msikiti huu na kupokewa na ule.

Alipopita Makadara, springi za siti ya nyuma zikalia.

Kwiii…

Kama mtu mzito anayejiweka sawa. Harufu ya marashi ikakatika, ikaja nyingine. Kafuri. Ile ya kuoshea maiti.

Hakugeuka.

“Twende tu, mwanangu.” Sauti ya mtu mzima, ya upole. “Muhdhar alinipakia, kisha akakataa kunishusha.”

Liwatoni alisimama, jasho linamchuruzika hadi viatuni. Mlango wa nyuma ukafunguka wenyewe. Siti ikanyanyuka. Kafuri ikapotea.

Aliporudi, Bi Mwanakhamis alikuwa amesimama uani, anatazama manjano yaliyokauka kwenye mfereji. Hakumgombeza.

“Mume wangu alimpakia magharibi kama hii,” akasema. “Kila walipofika, hashuki. Anataka atajiwe nyumba ya mtu akakae. Muhdhar hakuwa na mtu wa kumtajia, akamfunga humo kwa kombe.” Akamtazama. “Kwako kashuka wapi?”

“Kashuka mwenyewe, Bi. Kaelekea baharini.”

“Haya. Gari ni lako.” Akafunga mlango, na hajamfungulia tena mpaka leo.

Hapo Chonga huikata hadithi, akanywa kahawa yake. Moris sasa ni teksi. Haijapata kumzimikia njiani. Habari ya Kahindi haitaji. Kahindi tangu wiki ile yuko kitandani, uso kaupa ukuta. Hospitali hawakuona kitu. Mamake, Dama, humlisha kwa kijiko, na kila magharibi hufungua madirisha akisema chumba kinanuka kafuri.

Juzi Raihana alimkuta Chonga peke yake, anafuta vumbi boneti.

“Chonga. Kweli alishuka mwenyewe?”

Kitambaa kikazunguka pale pale, kikazunguka… kikasimama.

“Alinipa hiari,” akasema, na sauti ile si ya barazani. “Nimtajie nyumba, au nishuke mimi, nimwachie gari. Mlango wangu ulikuwa wazi, Raihana. Kahindi alikuwa kashatoka mlangoni kwake. Anapiga makofi, anaruka kama mtoto, ananiita fundi wa mafundi.”



“Nikamwambia: kwa huyo.”