Ng'ombe Hakufichwa Uso

“Ngoja, Edina! Irudishe nyuma hiyo video!”

Nyanzobe aliacha rasta zikining'inia kichwani kwa mteja. Sasa hivi tu alikuwa anacheka kama wenzake wote pale saluni, Tunduma mjini. Kwenye simu ya Edina, mama mmoja amekaa chini zizini, kakumbatia shingo ya ng'ombe aliyekufa akizaa, analia kwa kwikwi. Uso wake umefunikwa kwa katuni ya nyani. Juu yake pameandikwa: “Mumewe akifa hatalia hivi.” Akaunti inaitwa Vituko vya Zizini.

Mama alifichwa uso, ng'ombe hakufichwa. Mwekundu, baka jeupe pajani, pembe ya kushoto imeinama hadi karibu na jicho. Binti wa wafugaji wa Momba amsahau ng'ombe aliyemkuza kwa maziwa? Thubutu!

“Huyu ng'ombe ni wa kwetu,” alisema. “Na huyo ni mama yangu.”

Kicheko kikakatika saluni nzima. Nyanzobe akatoka nje na simu.

“Mama, siku ile ng'ombe anakufa, nani alikuwa na simu zizini?”

“Si daktari wako, mwanangu! Alisema anapiga picha awatumie wataalamu wenzake wamsaidie. Ana huruma yule kijana. Jumamosi akija na washenga atakuta nimemtunzia mtindi.”

Nyanzobe akakata simu. Gwamaka! Mchumba wake, mwenye duka la dawa za mifugo kule Chitete. Kwenye ukurasa wake wa kazi huvaa koti jeupe na kuandika, “Wazazi wangu wafugaji, nipo kwa ajili yenu.” Ni maneno hayo hayo yaliyompa moyo wa kumkubali.

Akamtumia ujumbe: “Vituko vya Zizini ni wewe?”

Jibu likarudi: “Nani kakwambia?”

Ptuu! Hata kukana hakukana.

Alasiri Gwamaka akafika mbio, kapulizia manukato.

“Mpenzi, ile ni akaunti yangu binafsi. Haina hata jina langu. Kazi ni kazi, na mimi nina haki ya kucheka na washikaji.”

“Ucheke machozi ya mama yangu?”

“Lakini nilimficha uso!”

“Kwa nyani, Gwamaka?”

Akalamba midomo. “Nimeshaifuta. Kwenye ukurasa wa kazi sijawahi kumvunjia mtu heshima. Kaangalie mwenyewe.”

“Najua. Mimi nilichumbiwa na yule wa ukurasa wa kazi. Nikiolewa, nitalala na yupi?”

Simu ikaita. Mama. Nyanzobe akaweka sauti ya nje.

“Mbona ulinikatia simu, mwanangu?”

Gwamaka akawahi kuinamia simu.

“Shikamoo, mama yangu! Mifugo haijambo?”

Ile sauti ya ukurasani, laini kama samli. Mdomo ule ule!

“Usiitikie, mama!”

“Kwa nini tena?”

“Siku ile hakuna mtaalamu aliyetumiwa picha. Alikurekodi ukilia, akakubandika sura ya nyani, watu wacheke. Hata mimi nilicheka, mama, kabla sijajua ni wewe. Nisamehe.”

Nyuma ya mama ndama alisikika akilia.

“Dokta, upo hapo?”

“Nipo, mama.”

“Mimi nilidhani siku ile tunalia wote.”

Gwamaka akajivuta nyuma, mbali na simu.

“Nyanzobe,” mama akaita.

“Abee, mama.”

“Jumamosi uje peke yako. Ule mtindi wake nawamwagia mbwa sasa hivi.”