Kiatu Chini ya Pedali

Kila siku kengele ya mwisho ilipolia, Kijiko hakwenda nyumbani moja kwa moja. Alipitia kwanza karakana ya mjomba wake, akatua mkoba juu ya pipa tupu la oili, akauliza swali lile lile.

"Shikamoo, Mjomba. Gari limefika wapi leo?"

"Marahaba. Limefika pale pale ulipoliacha jana. Halina miguu."

Kijiko alikuwa na miaka kumi na miwili. Jina hilo alipewa na mama yake, kwa kuwa hakukuwa na sufuria nyumbani kwao ambayo hakujitia ndani yake. Na gari alilokuwa akiliulizia lilikuwa pikapu ya baba yake, kuukuu, ya rangi ya majivu, yenye injini ya kabureta, kile kifaa cha magari ya zamani cha kuchanganya petroli na hewa, iliyoanza kunguruma kabla Kijiko hajazaliwa.

Kwa pikapu hiyo baba alisambaza mikate miaka kumi na minne. Kisha siku moja akateleza kwenye ngazi za ghala la unga, mguu wa kushoto ukavunjika mahali pawili. Mfupa uliunga, nguvu hazikurudi. Daktari alisema kutembea atatembea, lakini kukanyaga klachi ya kubadilishia gia kutwa nzima asahau.

"Basi, shemeji," mjomba alimwambia baba, "kama mguu haukubali klachi, tuing'oe klachi yenyewe."

Ndiyo kazi iliyokuwa ikiendelea. Mjomba alipata giaboksi otomatiki iliyotoka kwenye gari la kisasa, lile ambalo dereva hukanyaga mafuta tu na gia zinajibadilisha zenyewe. Kuifunga nyuma ya injini kulimchukua wiki tatu. Shida ilikuwa kuziwezesha kusikilizana. Giaboksi ile ilizoea kuongozwa na kompyuta, na injini ya kabureta haina kompyuta hata chembe. Kwa hiyo mjomba alinunua kisanduku cha kuiongoza, chenye kioo kidogo cha namba, akafunga na sensa, kifaa kidogo cha kupimia, ubavuni mwa kabureta. Kazi ya sensa ilikuwa kukiambia kisanduku dereva amekanyaga mafuta kiasi gani.

"Lakini kisanduku hakijui lolote," alimweleza Kijiko. "Ni lazima tukifundishe. Tunakiambia, hapa mguu uko juu, na hapa mguu umefika mwisho. Kuanzia hapo kitapiga hesabu zake chenyewe."

Kila mtu alikuwa na haraka. Mwenye tanuri la mikate alikuwa amemngoja baba miezi mitatu, na subira yake ilikuwa imefika ukingoni. Alikuwa ametuma neno: Jumatatu alfajiri mikate ikikosa gari, kazi anampa dereva mwingine.

Ijumaa mchana siku ya kukifundisha kisanduku ilifika. Mjomba alisimama upande wa betri, macho kwenye kioo cha kisanduku. Kabureta ilikuwa imeshafunikwa na chujio la hewa, kwa hiyo hakuweza kuona imefunguka kiasi gani. Kijiko aliketi kwenye kiti cha dereva. Viatu vyake vya shule alivivua ili asichafue zulia jipya, akavisukuma pembeni kwa kisigino.

"Mguu juu!"

"Uko juu, Mjomba!"

"Haya, kanyaga polepole mpaka mwisho!"

Wakati huo huo wenzake wa timu ya netiboli walikuwa getini wakimpigia kelele. "We Kijiko! Mechi inaanza, au umeshakuwa spana?"

Kijiko akakanyaga. Pedali ilishuka, kisha ikakutana na kitu laini, ikagoma. Alihisi kabisa kwamba ule haukuwa ugumu wa chuma. Alijua angepaswa kuinama aangalie.

"Umefika mwisho?" mjomba aliuliza.

"Mwisho, Mjomba!"

"Safi sana, mama. Nenda kacheze."

Alipoinama kuchukua viatu, kimoja alikivuta kutoka chini ya pedali. Kilikuwa kimekunjika katikati. Alikinyoosha, akakivaa, akakimbia. Ni kidogo tu, alijiambia. Gari zima lile litajuaje kiatu changu?

Jumamosi asubuhi baba alivaa shati lake la kazi, lile ambalo mama alikuwa amelikunja kabatini tangu ajali. Aliketi nyuma ya usukani, mjomba pembeni yake, Kijiko nyuma kwenye bodi. Fundi wa matairi wa jirani, aliyeitwa Bwana Upepo, alisimama mlangoni akicheka. "Dereva wa mguu mmoja! Leo tutaona maajabu!"

Wakatoka. Baba aligusa mafuta kidogo tu, lakini injini ikanguruma na gia haikupanda. Ikazidi kulia, ikalia mpaka watu wa barabarani wakageuka, kisha gia ikaingia kwa teke lililomwangusha Kijiko kifudifudi. Mbele kidogo, teke jingine. Walirudi karakana mwendo wa kinyonga.

"Sielewi," mjomba alisema. "Linafanya kana kwamba umekanyaga kwa nguvu, na wewe umegusa tu."

Kijiko akavitazama viatu vyake.

"Pale kwenye pedali mlipima vizuri?" Bwana Upepo aliuliza.

"Pale hapana shida," mjomba alijibu bila hata kufikiri. "Pale alikaa mpwa wangu. Ubovu umo ndani ya giaboksi."

Kijiko akafungua mdomo. Angesemaje sasa, mbele ya Bwana Upepo, baada ya kusifiwa vile? Akafunga mdomo.

Jumamosi ile yote aliketi juu ya pipa akitazama. Mjomba aliingia chini ya gari akafungua boliti moja moja, zile zile alizozikaza kwa wiki tatu. Giaboksi ilipokuwa ikishushwa jeki ikateleza, ikambana kidole gumba. Mjomba hakupiga kelele. Alikaa chini tu, amekishika kidole, macho ameyafumba. Kijiko alimletea maji. Alijiona hana maana. Yeye peke yake ndiye aliyejua lile lililokuwa likitafutwa, na yeye ndiye aliyeshindwa kulisema. Kila boliti iliyofunguliwa ilizidi kulifanya neno hilo liwe zito.

Ndani ya giaboksi kila kitu kilikuwa kizima. Mjomba aliisafisha hivyo hivyo, akairudisha. Jumapili adhuhuri wakajaribu tena. Mngurumo ule ule. Teke lile lile.

Safari hii baba aliizima injini. Kisha akashuka, akatembea kwa kuchechemea hadi kwenye benchi, akaanza kuusugua mguu wake.

"Shemeji, umejitahidi. Hukunibakizia kitu," alisema. "Liuze tu. Nitamwambia mwenye tanuri atafute mtu."

Mjomba alikitazama kidole chake, ukucha umeshakuwa mweusi. Hata Bwana Upepo alikuwa ameacha utani, anafuta tairi ambalo lilikuwa safi tayari.

"Baba," Kijiko alisema, sauti ikitoka kama ya mtu mwingine. "Mjomba. Si giaboksi. Ni mimi."

Wakamgeukia.

"Ijumaa sikufika mwisho. Kiatu changu kilikuwa chini ya pedali. Niliona baadaye. Nilinyamaza." Akaanza kulia. "Na jana nilitaka kusema, nikashindwa."

Mjomba akanyoosha mkono.

"Lete kiatu."

Alikitia chini ya pedali, akakanyaga, akamwita baba asome kioo. Namba ilikuwa ile ile ya Ijumaa. Akakitoa kiatu, akakanyaga tena hadi chuma kikagonga chuma. Namba ikapanda karibu maradufu.

"Nusu," mjomba alinong'ona. "Tulikifundisha kwamba nusu ndiyo mwisho."

Wakakifundisha upya, na baba ndiye aliyekanyaga, kwa mguu wake mzima. Walipotoka barabarani injini haikulia. Gia ya pili iliingia taratibu, kama mtu anayehamisha mzigo kutoka bega hadi bega. Ya tatu Kijiko hakuihisi kabisa. Aliiona tu shingo ya baba yake, iliyokuwa imekakamaa tangu jana, ikilegea. Walipopita mlangoni kwake, Bwana Upepo alipiga makofi kwa mikono yenye masizi.

Jioni Kijiko alikuwa akikusanya spana bila kuambiwa. Hakuthubutu kumtazama mjomba, ila macho yalikuwa yakirudi kwenye ule ukucha mweusi.

"Nisamehe, Mjomba."

"Nimekusamehe. Ukucha utaota mwingine." Mjomba akaketi juu ya pipa, akamvuta karibu. "Lakini nisikilize, mwanangu. Kile kisanduku hakina ubaya. Kiliambiwa mwisho ni hapa, kikaamini, kikafanya kazi yake yote juu ya neno hilo. Na mimi nilifanya vivyo hivyo. Uliniambia mwisho, nikaamini, nikaifungua giaboksi nzima kutafuta kosa kila mahali isipokuwa kwako. Mtu akikuamini, hakagui tena. Ndiyo maana anayeaminiwa ndiye anayepaswa kusema kweli upesi kuliko wote. Ungeniambia Ijumaa, ilikuwa kazi ya dakika mbili."

Kijiko akaitikia kwa kichwa.

Jumatatu alfajiri aliamshwa na harufu ya mikate. Pikapu ilikuwa nje, imeshapakiwa mikate tanurini, inanguruma polepole, na baba alikuwa akifunga turubai. Aliufungua mlango wa dereva, akainama, akapitisha mkono chini ya pedali kuhakikisha hapana kitu. Kisha akacheka, akampungia bintiye, akaondoka.