Mgongo wa Nyar Gem

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Debra alishuka ufuoni Asembo Bay kumsaidia mama yake kuanika omena, wale dagaa wadogo wa ziwani. Kazi yenyewe haikuhitaji akili nyingi. Unatandaza nyavu kuukuu juu ya mchanga, unamwaga omena kutoka kwenye beseni ulilobeba kichwani, kisha unainama na kuwasambaza kwa viganja mpaka kila samaki aone jua. Ukimaliza wavu mmoja, unahamia mwingine. Yangeyange walisimama kando wakijifanya hawana haja na mtu, na ole wako ugeuke kidogo.

Mama yake aliitwa Celestine, lakini ufuoni hakuna aliyemwita hivyo. Kwa kuwa alizaliwa Gem kabla ya kuolewa Asembo, wote walimwita Nyar Gem, yaani binti wa Gem. Baba, Mathews, alifanya kazi katika kiwanda cha sukari ng'ambo ya Awasi na alikuja nyumbani mwisho wa mwezi. Siku nyingine zote walikuwa wawili tu, mama na binti.

Mwaka uliotangulia Nyar Gem alikatwa titi la kushoto katika hospitali moja ya Kisumu kwa sababu ya saratani. Alipewa dawa kali mpaka nywele zikaisha, kisha zikaota tena, laini kama za mtoto mchanga. Jumapili ya Pasaka alivaa gauni jeupe, akasimama mbele ya kanisa zima na kutoa ushuhuda. "Nimepona!" alisema. "Ugonjwa umeenda na haurudi!" Vigelegele vilivyopigwa siku hiyo vilisikika hadi sokoni. Akina mama walimvisha leso na kumsindikiza wakicheza mpaka uani, na tangu hapo watu walimwonyesha kwa wenzao kwa heshima wakisema huyo ndiye aliyepona.

Ndiyo maana mgongo ulipoanza kumuuma, hakumwambia mtu, hata Mathews.

Debra aligundua mwenyewe. Kwanza mama alishindwa kuinama kufunga viatu, akawa anashika ukuta na kunyoosha mguu ili Debra amfunge. Kisha alihama kitanda. Debra alipoamka alfajiri kuwasha moto, alimkuta kwenye kiti, macho wazi, akiutazama mlango.

"Mama, umelala?"

"Nimelala."

Lakini kitanda kilikuwa kimetandikwa vilevile kama jana.

Ufuoni mama alilaumu omena, na hapo alikuwa na bahati mbaya ya kuaminiwa. Mwanamke gani anayeanika omena haumwi mgongo? "Yawa, Nyar Gem, mgongo ndio mshahara wetu!" Beldina, jirani yao, alimtania, na wote wakacheka wakijishika viuno. Nyar Gem alicheka nao. Debra peke yake ndiye aliyeona jasho lililomtoka mama akijaribu kunyanyuka.

"Mama, twende tumwambie daktari," alimsihi walipofika nyumbani.

"Tumwambie nini? Ati niliyeshuhudia Pasaka sasa naumwa tena?" Mama alishusha sauti ingawa hapakuwa na mtu. "Sikiliza, nyathina, mwanangu. Beldina ana uvimbe kwenye titi. Amepewa tarehe ya upasuaji mara mbili na hajaenda. Ananitazama mimi ndiyo apate moyo. Akisikia naumwa, hataenda kamwe, na atakufa. Unataka hilo liwe juu yako?"

Debra alikuwa na miaka kumi na miwili. Hilo hakulitaka juu yake. Basi akafunga mdomo.

Nyumba ikawa ya kutisha. Neno saratani halikutajwa, lakini lilikaa nao mezani na kula nao. Mama akikohoa chumbani, Debra aliacha kutafuna ili asikilize. Lile gauni jeupe la Pasaka lilining'inia kwenye msumari ukutani, na upepo wa ziwani ulipopita dirishani lilijaa, likaonekana kana kwamba kuna mtu ndani yake, mtu asiye na kichwa. Debra alijizoeza kupita bila kulitazama.

Shuleni hakukuwa na nafuu. Okinyi, waliyekaa dawati moja, alikuwa anatafuna pera aliposema, bila ubaya wowote, "Shangazi yangu alienda hivyo hivyo. Kansa ikiguswa na kisu, inakimbia. Inaingia mgongoni. Halafu basi."

"Halafu basi nini?"

Okinyi alitema mbegu. "Si nimekwambia. Basi."

Siku hiyo hiyo Mwalimu Wesonga alikuwa akifundisha methali. "Mficha maradhi?" aliuliza, na darasa zima likaitikia kwa sauti moja, "Kilio humfichua!" Debra aliinamia daftari lake. Alihisi kama darasa zima lilikuwa likimsema mama yake.

Mwezi wa Agosti shule zilifungwa, na Debra akamsindikiza mama kliniki huko Kisumu. Aliyemtibu alikuwa Daktari Wakhungu, mama wa makamo aliyezoea kupandisha miwani juu ya paji la uso na kuisahau huko.

"Vidonge unameza kila siku, Celestine?"

"Kila siku, daktari."

"Unakula vizuri?"

"Nakula."

"Kuna mahali panauma?"

"Hapana. Niko sawa kabisa. Mungu ni mwema."

"Mifupa? Mgongo?"

"Ah, mgongo ni wa omena tu. Wanawake wote wa Asembo wako nao."

Daktari alitabasamu na kuchukua kalamu. "Haya, basi tuonane Desemba."

Debra aliitazama ile kalamu ikitembea. Kwao mtoto hamkatizi mzazi mbele ya mkubwa, sembuse kumuumbua kwamba amesema uongo. Aliwaza kwamba kalamu ile ikimaliza, watarudi nyumbani kwenye kile kiti na lile gauni, na Desemba ilikuwa mbali sana.

"Daktari, mama halali," alisema. Sauti ilimtoka nyembamba. "Anakaa kitini mpaka asubuhi. Hawezi hata kufunga viatu. Mimi ndiye namfunga."

Mama aligeuka na kumtazama kama anavyotazamwa mtoto wa mtu mwingine. Daktari Wakhungu aliweka kalamu chini.

"Celestine, ni kweli?"

Mama aliinamisha macho. "Ni kweli."

Juma lile lile mama alipigwa picha ya uti wa mgongo. Alilala ndani ya mashine nyembamba iliyogonga kama mafundi wanaoezeka mabati, na Debra aliyekuwa nje ya mlango aliziba masikio. Baadaye, wakirudi Asembo, walipopita Kisian mama alimgeukia.

"Umenivua nguo mbele ya daktari," alisema.

"Samahani, mama."

"Samahani haivalishi mtu."

Siku za kungoja majibu zilikuwa mbaya kuliko zote. Debra alianza kuamini kwamba ugonjwa ulikuwa umelala na yeye ndiye aliyeuamsha kwa kuusema. Kama angenyamaza, pengine ungeendelea kulala. Aliogopa sana, na hofu yenyewe hakuwa na wa kumpa. Alasiri moja hakuweza kuvumilia zaidi. Alilitoa lile gauni kwenye msumari, akalikunja haraka na kulisukuma chini kabisa ya sanduku.

Mama alimkuta akifunga kifuniko. "Gauni langu lina nini?"

"Linanitisha, mama."

Debra alingoja kukaripiwa. Lakini mama alikaa polepole ukingoni mwa kitanda, akiwa ameshika kiuno kwa mikono miwili. "Hata mimi linanitisha," alisema. "Nikiliangalia nawaona wale watu wote wakipiga makofi." Alilia kidogo, na Debra akalia naye. Usiku huo mgongo haukupata nafuu, lakini angalau walikuwa wanaogopa pamoja.

Majibu yalipotoka, Daktari Wakhungu aliwageuzia kompyuta. Mifupa ya mama ilionekana kwenye kioo, pingili juu ya pingili.

"Angalieni hapa chini," alisema. "Pingili hii imebonyea. Vile vidonge vinavyozuia kansa isirudi vinaweza kupunguza nguvu ya mifupa. Ukiongeza mabeseni ya omena juu ya kichwa kila siku, mfupa umechoka ukakubali kubonyea. Maumivu yako yanatoka hapa."

"Na kansa?" mama aliuliza. Debra alishtuka. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia mama akilitamka neno hilo tangu Pasaka.

"Katika pingili hii siioni. Kisu hakikuifukuza kuja huku, kama watu wanavyosema." Daktari alishusha miwani machoni. "Lakini hapa juu kuna doa dogo. Linaweza kuwa kitu cha kawaida ambacho watu wengi wanacho na hawajui. Linaweza kuwa si la kawaida. Leo sijui, na sitakudanganya. Tutapiga picha tena baada ya miezi mitatu."

"Sasa nitaishi vipi na doa ambalo hata wewe hulijui?"

"Kwa kuniambia kila kitu kinachouma. Mashine hii inaonyesha mifupa tu, haionyeshi mtu aliyekesha kitini. Nitakupa dawa ya maumivu na ya kuimarisha mifupa, na mshipi wa kushika mgongo. Utafanya mazoezi utakayofundishwa hapa. Beseni la kichwani, hapana tena. Na ukihisi miguu inaishiwa nguvu au inakufa ganzi, au haja ndogo ikikutoka bila kujua, usingoje kliniki. Uje siku hiyo hiyo. Tumeelewana?"

"Tumeelewana."

Daktari alimgeukia Debra. "Ungenyamaza, mgongo huu ungebeba mabeseni mpaka Desemba, na siku hiyo tungezungumza mengine."

Jumapili iliyofuata, wakati wa ushuhuda, Nyar Gem alisimama. Hakuvaa gauni jeupe. Alivaa rinda lake la kila siku, na juu yake ule mshipi mpana wa mgongo, kila mtu auone.

"Pasaka niliwaambia nimepona," alisema. "Furaha ilinizidi, nikasema kuliko nilivyojua. Ukweli ni kwamba bado natibiwa. Mgongo unaniuma, na kuna doa ambalo madaktari bado wanalichunguza. Niliwaficha. Msinipigie vigelegele leo. Mniombee."

Hakuna aliyepiga kigelegele. Nje alisikika mtoto mmoja akimwita mbwa. Debra aliinamisha kichwa, uso ukimwaka kwa aibu, akawaza kwamba sasa wamempoteza Beldina.

Ibada ilipokwisha, Beldina aliwafuata mbio mpaka kwenye ua wa michongoma.

"Nyar Gem! Kwa nini hukuniambia?"

"Niliogopa utaikimbia hospitali."

"Nikimbie?" Beldina alicheka huku machozi yakimtoka. "Si nimeshakimbia mara mbili! Kila nikikuona ukicheza na kubeba beseni, najiambia huyu ana imani, mimi sina. Mimi wakinikata nitaumwa, nitalia, na watu watasema Mungu amenikataa. Sasa naona hata wewe unaumwa. Hata wewe unaogopa. Na bado unaenda." Alijipangusa uso kwa ncha ya leso. "Naomba unisindikize. Peke yangu siwezi."

Nyar Gem alimshika mkono. Alikuwa ameficha maumivu yake ili kumwokoa Beldina, kumbe kule kuficha ndiko kulikokuwa kunamfukuza.

Ufuoni nako mambo yalibadilika. Wanawake walisimamisha miti, wakatandaza juu yake wavu wa waya ikawa kama meza, na Nyar Gem akawa anageuza omena akiwa amesimama wima. Haikuchukua muda kila mmoja akataka meza yake, maana migongo yao waliyokuwa wakiitania ilikuwa inauma kwelikweli. Yangeyange peke yao ndio hawakufurahi.

Mwezi wa Septemba, Jumamosi moja, Nyar Gem na Debra walimpeleka Beldina Kisumu. Muuguzi alipokuja kumchukua, Beldina alishika fremu ya mlango kwa nguvu.

"Nyar Gem, niambie. Nikiamka itauma?"

Debra alimtazama mama yake. Alijua jibu ambalo mama wa Pasaka angelitoa.

"Itauma," mama alisema. "Ukiamka useme inapouma, usione haya. Mimi nitakuwa kwenye benchi hii."

Beldina aliuachilia mlango, akaingia na muuguzi.

Walikaa kwenye benchi. Kisha mama akasema, "Debra, ile siku kwa daktari nilikukasirikia, na sijakushukuru mpaka leo. Nilidhani heshima ni mtoto kunyamaza, na imani ni mgonjwa kunyamaza. Si kweli. Mtu akiumwa aseme mapema, na amwambie anayeweza kumsaidia. Na ukimwona mtu unayempenda anajificha, msemee, hata kama ni mama yako na atakasirika."

"Na lile doa, mama?"

"Doa lipo. Kila nikiamka naliogopa. Novemba tutakuja kuliangalia, mimi na wewe." Mama alisogea mbele kwenye benchi na kunyoosha mkono. "Sasa nisaidie nisimame kidogo. Mgongo unaniuma."